Mama mkwe anafanyiwa endoskopi Alhamisi: tumtayarishe vipi?

Swali: Daktari, hujambo. Mama mkwe wangu ana miaka 61 na anakaa Usenge, kando ya ziwa. Tangu Krismasi ugali na nyama vinamkwama kifuani, na sasa hata wali anausukuma kwa maji. Amekonda. Daktari wa Bondo amemwandikia endoskopi, kile kipimo cha bomba lenye kamera linalopitishwa mdomoni, na atafanyiwa hapa Kisumu Alhamisi asubuhi. Ana sukari na anameza metformini, tena ana dawa ya presha na ile aspirini ndogo ya moyo. Majirani wamemtia hofu. Wanasema bomba linachana koo, na ukikatwa nyama ya kupimwa ugonjwa unasambaa. Mke wangu anafanya kazi Nairobi, kwa hiyo mimi ndiye nitakayempeleka. Tumtayarishe vipi, na baadaye tuangalie nini? Na je, tumwambie tunachoogopa au tunyamaze?

Jibu: Ndugu yangu, kabla hujamaliza kusoma, piga simu kwenye chumba cha endoskopi au upite pale mwenyewe. Waambie kwamba chakula kinamkwama, kwamba ana sukari, na umsomee sista majina ya dawa zote anazomeza. Usingoje kuyasema Alhamisi mlangoni, kwa maana hilo la kwanza linabadilisha maandalizi yenyewe.

Agizo la kawaida ni mgonjwa asile kwa saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo, na maji matupu aweze kuyanywa mpaka zibaki saa 2. Agizo hilo limepimwa kwa mtu ambaye chakula kinashuka. Kwa mama, wali wa Jumatano mchana unaweza kukutwa Alhamisi asubuhi ungali umekaa juu ya mahali palipobana. Daktari ataona wali badala ya ugonjwa, na kipimo kitaahirishwa baada ya safari yote hiyo. Baya zaidi ni kwamba mabaki hayo yanaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu wakati amelegezwa na dawa ya usingizi. Ndiyo maana wagonjwa wa aina yake huwa tunawaambia Jumatano nzima iwe ya vitu vya majimaji: supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi. Jioni mapema aache hivyo pia, abaki na maji. Kila hospitali ina saa zake, kwa hiyo uliza wao wanataka lini hasa, lakini uwe umetaja kwamba chakula kinakwama.

Hapo kuna mtego. Sista akimuuliza mgonjwa wetu, “Mama, umekula?” atajibu kwa moyo safi kwamba hajala, kwa sababu hajaona ugali tangu jana. Chai ya maziwa aliyokunywa stendi saa kumi na moja alfajiri hakuihesabu. Chai ya maziwa ni chakula, na uji na maziwa mala pia. Strungi isiyo na maziwa huhesabiwa pamoja na maji, lakini nayo ikome saa 2 kabla. Asubuhi hiyo muulize hivi: tangu jana jioni umeweka nini mdomoni? Tumbaku ya kutafuna na chingamu nazo azitaje.

Sasa dawa. Ya presha ameze asubuhi kama kawaida, kwa funda moja la maji. Akifika na presha iliyopanda kwa sababu alidhani kufunga chakula ni kufunga na dawa, anaweza kurudishwa nyumbani. Metformini ya asubuhi aiache mpaka atakapokula tena. Angekuwa kwenye insulini au glibenklamidi hatari ingekuwa kubwa zaidi, kwa sababu hizo zinaweza kushusha sukari kabisa kwa mtu asiyekula, na wa namna hiyo lazima apangiwe dozi yake na daktari anayemtibu. Kwa vyovyote, omba mgonjwa wa sukari awe wa kwanza kwenye foleni. Ni haki yake, na vyumba vingi hukubali mkisema mapema. Akianza kutoka jasho, kutetemeka au kuongea ovyo akiwa kwenye benchi, mwite sista papo hapo ampime sukari. Usimpe soda kimya kimya.

Aspirini ile ndogo kwa kawaida haisimamishwi kwa kipimo cha kuangalia na kuchukua vipande vya nyama. Asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, wala wako, kwa sababu moyo au ubongo unaweza kudai deni hilo. Waliopewa dawa nzito zaidi za kuzuia damu kuganda, kama warfarini au klopidogreli, waulize siku kadhaa mbele. Wakati mwingine huachwa, wakati mwingine huendelea, na inategemea kitakachofanyika ndani.

Na dawa ambazo huzijui? Wewe ni mkwe. Kuna mambo ambayo mama wa umri ule hatayasema mbele ya mume wa binti yake hata akiulizwa na daktari: rangi ya choo chake, dawa za miti alizopewa kijijini, na kama anameza ARV. Yote matatu tunayahitaji. ARV zenyewe humezwa kama kawaida, lakini zile zenye ritonavir, ambazo wengi huzipata wakihamishiwa dawa za mstari wa pili, yaani zile za kwanza zikishindwa, huzidisha nguvu ya midazolamu, dawa tunayoitumia sana kumlegeza mgonjwa. Daktari akijua anapunguza dozi au anatumia njia nyingine. Kwa hiyo tafuta shemeji yako wa kike, au dada yake mama, awe ndiye wa kuingia naye kwa sista. Huyo pia ndiye atakayemsaidia kutoa meno ya bandia, kama anayo, na kubadilisha nguo. Wewe shughulika na usafiri, malipo na karatasi.

Usafiri nao si jambo dogo. Kutoka Usenge kupitia Bondo ili uwe Kisumu asubuhi na mapema, tumbo likiwa tupu na mwili una sukari, ni kumtesa. Afadhali alale Kisumu Jumatano. Najua wengi kwenu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, basi apangiwe kwa ndugu au kwa mtu wa kanisani. Kuhusu malipo, uliza swali moja ambalo watu husahau: bei mliyotajiwa ni ya kamera peke yake, au na ya maabara ya kupima nyama? Mara nyingi ni bili mbili. Kama yuko kwenye SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, pitia ofisi ya bima ya hospitali kabla ya siku yenyewe ujue kilichoidhinishwa ni nini.

Tuje kwa hofu za majirani. Bomba lenyewe lina unene wa takriban sentimita 1 na linapinda. Mama atalala kwa ubavu wa kushoto, atapulizwa dawa chungu ya kutia ganzi kooni, atang'ata kipande cha plastiki chenye tundu katikati, na akihitaji atadungwa sindano ya kumtuliza. Bomba linapita njia ya chakula, si njia ya hewa, kwa hiyo anapumua muda wote. Hilo mwambieni mapema, tena zaidi ya mara moja, maana hofu kubwa ya wengi ni kukosa pumzi. Atashikwa na kichefuchefu kidogo bomba linapoingia, atacheua hewa tunayopuliza ili kuta za tumbo zifunguke, na mate yatamtoka. Ayaache yatoke, asiyameze. Kazi nzima huchukua dakika 5 hadi 15, zaidi kidogo kama kuna cha kutibu.

Je, bomba linachana? Linaweza kutoboa, na fomu ya idhini mtakayotia sahihi itasema hivyo. Kwa endoskopi ya kuangalia tu, hilo humpata chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Hatari hupanda daktari akilazimika kupanua mahali palipobana. Kwa hiyo kabla ya sahihi, uliza: mkikuta pamebana, mtapanua leo leo, au mtachukua nyama kwanza na kuturudisha? Majibu yote mawili yana mantiki yake, ila msije mkalijua mmeshatoka.

La pili, kwamba kukatwa nyama husambaza ugonjwa, ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa limewazuia watu wengi mpaka wakashindwa kumeza mate. Vipande tunavyochukua ni vya milimita 2 au 3. Utando wa ndani hausikii maumivu ya kukatwa namna hiyo, kwa hiyo mama hatajua hata kama tumechukua. Kinachowafanya majirani waseme hivyo ni kwamba mtu aliyekuja na ugonjwa umekwisha kukomaa hupimwa, kisha baada ya miezi michache hufariki. Wanahesabu kuanzia siku ya kipimo, hawahesabu mwaka aliokuwa akisukuma ugali kwa maji. Bila kipande hicho hakuna daktari anayeweza kusema kwa uhakika ni saratani, ni kovu la asidi, ni ukungu wa umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) au ni kitu kingine, na matibabu ya hivyo hayafanani.

Wengine huuliza kwa sauti ya chini kama bomba lile lile lililoingia kwa mwingine linaweza kuleta Ukimwi au homa ya ini. Kila baada ya mgonjwa husuguliwa ndani na nje kwa sabuni maalumu, kisha hulowekwa kwenye dawa ya kuua viini kwa muda uliowekwa. Una haki ya kuuliza linavyosafishwa, na muuguzi anayejua kazi yake hatakasirika.

Baada ya kipimo, mama atakaa chumba cha mapumziko mpaka azinduke vizuri. Koo litakuwa bado na ganzi, kwa hiyo asipewe chochote mpaka ganzi iishe, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa nzima. Aanze na funda dogo la maji baridi. Akilimeza bila kukohoa, uji vuguvugu unafuata. Chai ya moto isubiri, kwani mdomo wenye ganzi haujui unaungua. Na nyinyi watu wa ziwani, samaki mwenye miiba asiwe chakula chake cha kwanza, hata kama mgonjwa amefunga tangu jana na ngege anaonekana mnono.

Akidungwa dawa ya kumtuliza, kwa saa 24 asipande bodaboda, asipike kwenye jiko la moto bila mtu karibu, asinywe pombe, na asitie sahihi wala kidole kwenye karatasi yoyote ya shamba au ya pesa. Ataonekana mzima, atazungumza na kucheka, na kesho yake hatakumbuka mlichozungumza. Midazolamu hufuta kumbukumbu za saa hizo. Ndiyo chanzo cha malalamiko ninayoyasikia sana, kwamba daktari hakumwambia mgonjwa kitu. Aliambiwa, naye akaitikia kwa kichwa. Basi daktari akija kueleza alichoona, shemeji yako awepo, wewe uwepo kama mama ameridhia, na muombe ripoti iliyoandikwa pamoja na picha zake. Msiondoke na maneno matupu.

Koo kuuma siku moja au mbili, tumbo kujaa gesi na sauti kukwaruza kidogo ni mambo ya kawaida. Asukutue kwa maji ya chumvi na anywe paracetamol, ila asipewe diclofenac wala ibuprofen, ambazo zinaumiza tumbo. Yanayotaka mrudi hospitali usiku huo huo bila kungoja kuche ni haya: maumivu makali ya kifua, shingo au tumbo yanayozidi badala ya kupungua, homa, kupumua kwa shida, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au shingo kuvimba na kutoa mlio wa kukwaruza mnapoibonyeza. Nendeni kwenye hospitali yenye idara ya dharura na mseme neno endoskopi mlangoni. Msianzie kwa duka la dawa.

Nimefika mahali ambapo, kwa maoni yangu, wagonjwa wengi zaidi hupotea kuliko kwenye bomba lenyewe: kile kipande cha nyama. Kamera ikitoka watu hudhani kipimo kimekwisha, kumbe jibu lenyewe liko ndani ya kichupa chenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Katika baadhi ya hospitali jamaa ndiye hukabidhiwa kichupa akipeleke maabara. Ukikabidhiwa, soma jina na namba vilivyobandikwa kabla hujatoka mlangoni, na kifike siku hiyo hiyo. Usikimwage ili kiwe kisafi wala usikiweke kwenye friza. Uliza majibu yatatoka lini, yatakuwa kwa nani, na nani atawapigia simu, kisha uandike. Wiki moja hadi tatu ni muda wa kawaida. Zikipita, usingoje kuitwa, nenda ukayadai. Na yakitoka yakisema hakuna ugonjwa ilhali mama bado anakwama, usisherehekee. Vipande vinaweza kuwa vilichukuliwa kando ya ugonjwa wenyewe, na endoskopi ya pili si aibu.

Kwa kuwa mama ni wa ufukweni, nina swali jingine: amewahi kutapika damu, au kuambiwa bandama lake limevimba? Kichocho cha utumbo kimejaa katika maji ya ziwa letu, na kikikaa miaka mingi hutia makovu kwenye ini, damu ikakosa njia, na mishipa ya umio ikavimba mpaka kupasuka. Hilo sio linalokwamisha ugali, lakini daktari akijua mapema atajiandaa na mipira ya kuifunga mishipa hiyo akiikuta, na hatakata nyama karibu nayo ovyo.

Wasomaji wengine mtakaotumwa kwa kamera ya chini, ile ya utumbo mpana, msichukue maandalizi haya mkadhani yanatosha. Yenu ni magumu zaidi. Vidonge vya madini ya chuma mnaacha wiki moja mbele. Siku mbili tatu mnaacha sukuma, osuga, maharage, mahindi na mapera, kisha mnakunywa dawa ya kuharisha, nusu jioni na nusu alfajiri, mpaka kinachotoka kiwe maji ya manjano yanayoonekana chini. Dawa ile haina utamu. Ila mkiacha nusu kwenye chupa, daktari atatazama uchafu na mtarudia yote.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo lililokufanya uandike. Mtu wa miaka 61 aliyeanza kukwama kwa vitu vigumu, akafikia vilaini, na amekonda, lazima tuwazie saratani ya umio mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Magharibi ya Kenya imo katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ambako ugonjwa huu umezidi. Kule hospitali ya Tenwek, Bomet, ambako wamewatibu wagonjwa wengi mno wa umio, wameuona hata kwa vijana walio chini ya miaka 30. Sigara na pombe vimo katika lawama, na mwaka 2016 IARC, tawi la WHO la utafiti wa saratani, liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 miongoni mwa vitu ambavyo yamkini huchangia. Lakini hayo hayamaanishi mama alijiletea. Wapo wasiowahi kuonja chang'aa na wameugua, kwa hiyo katika safari hiyo mtu asimhoji alikunywa nini ujanani.

Huenda pia ikawa kovu la asidi ambalo hupanuliwa akarudi kula, au misuli ya umio iliyokataa kulegea, ambayo nayo ina matibabu yake. Na hata ikiwa saratani, mlango haufungwi siku hiyo. Ugonjwa ulioonekana mapema hufanyiwa upasuaji, dawa na mionzi, na uliokawia huwekewa kijibomba cha waya ndani ya umio ili aendelee kumeza.

Msinyamaze, na zaidi ya yote msimvute daktari pembeni mkamwomba amfiche. Ugonjwa ni wa mama, na akiwa na akili timamu majibu ni yake kwanza. Watu wazima wa ziwani wamezika wenzao wa ugonjwa huu na wanaijua dalili ya ugali kukwama kuliko sisi. Ukimya wenu atausoma tu. Ila pia si lazima umwage kila kitu kwenye matatu. Shemeji yako, au mke wako kwa simu, amuulize kabla ya Alhamisi: majibu yakitoka unataka uyasikie wewe mwenyewe, na unataka nani akae nawe? Atakalojibu mlipeleke kwa daktari kama lilivyo, hata kama atamtaja mtu ambaye nyinyi hamkumtarajia.